Upitishaji umeshuka, Seebeck imepanda: kutafuta kosa kwenye polima zilizodopiwa

Polima inayopitisha umeme ikigoma, mkono wa kwanza huenda kwenye chupa ya dopanti, yaani kemikali inayotiwa ili polima ipate chaji. Mtu anaongeza kidogo, namba inashuka, anaongeza tena. Mwongozo huu ni kwa wanaofanya kazi hii Mbeya, Iringa, Njombe na Tukuyu, kwenye maabara yenye multimita ya kuaminika, hotpleti, mizani na labda spektrofotomita, ila haina kisanduku cha glavu (boksi lililofungwa lisiloingiza hewa) wala mtambo wa kufukizia dhahabu. Nashikilia jambo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: usipime upitishaji peke yake. Pima na Seebeck ya utando huohuo, yaani volti unayozaa ukiwa na joto upande mmoja na baridi upande wa pili, siku hiyohiyo. Namba mbili zikisomwa pamoja zinakuonyesha kosa liko upande gani kabla hujafungua chupa yoyote.

Kwa anayeanza: PEDOT, P3HT na polianilini ni minyororo ya kaboni ambamo bondi moja na bondi mbili zinapishana. Zikiwa peke yake ni vipitishi hafifu mno. Dopanti huuchukulia mnyororo elektroni na kuuachia tundu lenye chaji chanya, na tundu hilo ndilo linalotembea. Kwenye polianilini njia ni tofauti kidogo, kwa sababu asidi huupa mnyororo protoni. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kuwa poliasetilini iliyotiwa iodini hupitisha umeme mamilioni ya mara kuliko kabla, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Tangu hapo kazi imekuwa kupata chaji za kutosha bila kuharibu njia zinamopita.

Namba mbili zinavyosomwa

Upitishaji, unaoandikwa kwa S/cm (siemensi kwa sentimita), hutegemea chaji ziko ngapi na zinatembea kwa wepesi gani. Seebeck, yaani mikrovolti zinazopatikana kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, hufuata zaidi wingi wa chaji. Chaji zikiwa chache Seebeck huwa kubwa, zikijaa hupungua. Hapo ndipo ushahidi ulipo.

Upitishaji ukishuka huku Seebeck ikipanda, chaji zimepungua: dopanti haikufanya kazi au imeshatoka. Upitishaji ukishuka na Seebeck ikabaki palepale, chaji zipo ila njia imekatika, kwa nyufa, mabonge, mguso mbaya, au umekosea unene. Upitishaji ukipanda na Seebeck ikashuka, umeongeza chaji, na hilo ni jambo la kawaida. Upitishaji ukipanda na Seebeck ikatulia, umeboresha njia, na hiyo ndiyo habari njema kuliko zote. Vyote viwili vikipanda ghafla kwa pamoja, usiandike kitu kwenye daftari bado. Nenda kwanza kwenye sehemu ya masika hapa chini.

Kuna kanuni ya makadirio inayosaidia sana. Kwenye polima nyingi za aina ya matundu, Seebeck hushuka kwa kipeo cha robo ya upitishaji. Ukiongeza dopanti hadi upitishaji ukawa mara 16, tegemea Seebeck ibaki nusu. Kwa kuwa uwezo wa kuzalisha umeme kutokana na joto ni Seebeck kwa kipeo cha pili ikizidishwa kwa upitishaji, hapo umepata mara 4. Namba zako zikienda kwa mwendo huo, hakuna kilichoharibika, hata kama Seebeck imekukatisha tamaa.

Kabla ya kulaumu kemia: kipimo

Seebeck haijali unene wa utando. Upitishaji unaujali moja kwa moja: ukidhani utando una nanomita 100 kumbe una 200, umejipa upitishaji mara mbili ya uliopo. Ndiyo maana namba ya upitishaji iliyopanda bila Seebeck kutikisika kokote hunifanya niulize unene kabla ya kuuliza dawa.

Asiye na kifaa cha kupimia unene anaweza kutumia mizani, ila si kwa utando mwembamba. Utando wa nanomita 100 kwenye slaidi nzima ya hadubini, yaani milimita 25 kwa 75, una uzito wa miligramu 0.2 hivi, na mizani ya kawaida ya maabara haiwezi kuuona. Mimina mililita 1 ya PEDOT:PSS (PEDOT iliyochanganywa majini na PSS, polima ya asidi) yenye asilimia 1.3 ya yabisi juu ya slaidi hiyo, ikauke polepole, na utapata miligramu 13 hivi, sawa na unene wa mikromita 7. Hiyo inapimika. Kingo huwa nene kuliko katikati, kwa hiyo zikwangue kabla ya kupima.

Upitishaji upimwe kwa sindano nne zilizopangwa mstari mmoja kwa nafasi sawa: mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za ndani zinasoma volti. Gawa volti kwa mkondo, zidisha kwa 4.53, hapo una ukinzani wa utando. Uzidishe kwa unene, kisha gawa 1 kwa jibu, umepata upitishaji. Namba 4.53 inafaa tu iwapo utando ni mpana sana kuliko nafasi kati ya sindano. Kwa kipande kidogo inahitaji masahihisho. Anayepima kwa waya mbili za multimita anapima zaidi mguso wa waya kuliko polima.

Geuza mwelekeo wa mkondo na uchukue wastani. Watu huliacha hili, lakini kumbuka kifaa unachopima chenyewe huzalisha volti kikipata joto upande mmoja. Mkono ulioshika slaidi dakika moja asubuhi ya Julai unatosha kupotosha usomaji wa mikrovolti.

Kwa Seebeck, vipande viwili vya shaba juu ya vipoozeo viwili vya Peltier vinatosha, kimoja kipashe na kingine kipooze. Themokapo (kihisi cha joto cha waya) na waya ya volti viguse utando mahali pamoja, kwa nukta ndogo. Ukipaka rangi ya fedha eneo pana halafu themokapo ikakaa pembeni, tofauti ya joto unayoiandika si ile inayozaa volti, na Seebeck inaweza kuonekana mara 2 au 3 ya ukweli. Pima tofauti kadhaa za joto, kati ya nyuzi 2 na 10, chora mstari, kisha chukua mteremko wake. Mstari usiopita kwenye sifuri si neno, mradi umenyooka. Mstari uliopinda ni wa kutiliwa shaka. Funika kila kitu kwa boksi, kwa sababu upepo wa Agosti unaoingia dirishani unaonekana kwenye grafu.

Kuhusu alama: kwenye polima ya matundu, chaji hukimbia kutoka upande wa joto na kujazana upande wa baridi, kwa hiyo upande wa baridi ndio chanya. Ukiweka waya nyekundu upande wa joto utasoma namba hasi. Usikimbilie kutangaza kwamba umetengeneza polima ya elektroni, ile inayobeba umeme kwa elektroni badala ya matundu.

Upitishaji uko chini, Seebeck ni ya kawaida

PEDOT:PSS ikitoka kwenye chupa bila kuongezwa kitu hutoa chini ya 1 S/cm, na Seebeck ya karibu mikrovolti 15 hadi 20 kwa nyuzi. Mgeni akiona 0.5 S/cm hudhani amepata bidhaa mbovu. Siyo. Chaji zimo tayari, ila PEDOT imefungwa ndani ya PSS, ambayo haipitishi umeme. Ongeza asilimia 5 ya kiyeyushi DMSO au ethilini glikoli kwenye myeyusho kabla ya kuupaka, na aina za PEDOT:PSS zilizotengenezwa kwa upitishaji mkubwa hupanda hadi mamia ya S/cm, huku Seebeck ikibaki karibu palepale. Kwa namba mbili tu umejua kwamba DMSO haikuongeza chaji. Imepanga upya minyororo na kuitenga PSS. Wanaoita DMSO dopanti wanakosea jina, na kosa hilo huwafanya waiongeze hadi asilimia 20 wakitegemea zaidi. Hawapati zaidi, wanapata utando usiokauka.

Ukiiweka na bado hakuna mabadiliko, uliza maswali ya hapa kwetu. DMSO huganda ikifika nyuzi 18.5. Kwa Mbeya, Njombe na Makete, kuanzia Juni hadi Agosti, hiyo ni joto la kawaida la chumba. Chupa inayoonekana kama barafu haijaharibika. Ipashe kwenye maji ya vuguvugu hadi iyeyuke yote, maana iliyoyeyuka nusu ikifyonzwa kwa pipeti huwa na mchanganyiko usio sawa, hasa kama imeshafyonza maji ya hewani. Ifunge upesi kila unapomaliza.

Ethilini glikoli nayo ina jaribu lake. Maduka ya vipuri Mwanjelwa yanauza kuulanti za magari, nyingi zikiwa na msingi wa glikoli, na bei haifanani hata kidogo na ya chupa ya maabara. Ile rangi ya kijani au nyekundu ni dai, na ndani mna chumvi za kuzuia kutu. Ayoni hizo huingia kwenye utando, na utakuja kuzilipa wakati wa kupima Seebeck. Nunua chupa ndogo iliyo safi. Unatumia matone tu, itadumu.

Asidi ya betri ni swali jingine linaloulizwa sana. Ni kweli kwamba asidi ya salfuriki huondoa PSS na kuivusha PEDOT:PSS zaidi ya 3,000 S/cm. Lakini wanaozamisha utando hutumia asidi kali ya maabara, asilimia 98 hivi, wakati ya betri ina theluthi moja tu ya asidi na iliyobaki ni maji. Kuzamisha utando humo ni karibu sawa na kuuzamisha majini: unavimba, unajinyanyua, unaelea. Na asidi kali nayo si ya kuchezea pasipo kabati la kufyonza hewa, miwani na glavu. Kwa maabara zetu ningependekeza kuosha utando uliokauka kwa methanoli au glikoli. Utaondoa sehemu ya PSS, utapata mamia kadhaa ya S/cm, na macho yako yatabaki salama.

Kisha angalia utando wenyewe dhidi ya mwanga. Ukiona vitobo, kumbuka tupo juu. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maelekezo yaliyoandikwa pwani au Ulaya yanayosema “kausha kwa nyuzi 100” yanakuambia, bila kujua, uchemshe utando ukiwa bado mbichi. Anza na nyuzi 70 au 80 hadi ung'avu wa maji upotee, ndipo upande hadi 120 au 140 kufukuza DMSO, ambayo kiwango chake cha kuchemka ni nyuzi 189 kwenye usawa wa bahari. Umeme ukikatika katikati, hakuna hasara: ukirudi, rudia kupasha.

Utando ukikusanyika kama matone badala ya kutandaa, kioo kina mafuta. Sabuni, maji yaliyotoneshwa, asetoni, isopropanoli, kwa mpangilio huo. PEDOT:PSS iliyowahi kuganda kwenye sehemu ya barafu ya friji ina mabonge yasiyorudi, kwa hiyo itupe. Na kama umetumia foili ya alumini kama mguso, ujue PSS ni asidi yenye pH ya karibu 2 na inaila alumini taratibu. Tumia rangi ya fedha au gundi ya kaboni.

Upitishaji uko chini, Seebeck iko juu

Sasa ndipo dopanti inapohusika. Ama haikuchukua elektroni, ama ilichukua ikazirudisha, ama imeondoka.

Rangi itakuambia mengi kabla ya kifaa chochote. P3HT isiyodopiwa ni ya zambarau iliyoiva. Ikidopiwa hupauka na kuelekea bluu nyepesi, kwa sababu ufyonzaji wake wa mwanga karibu na nanomita 550 hupungua na mwingine huibuka karibu na 800 na kuendelea hadi infraredi. PEDOT iliyodopiwa ni bluu ya angani iliyopauka, na ikipoteza chaji hukolea kuelekea zambarau. Polianilini nzuri ni ya kijani. Ikiwa bluu, imepoteza asidi. Ikiwa ya urujuani, umeioksidisha kupita kiasi.

Polianilini naitaja kwa makusudi, maana ndiyo polima ambayo chuo chochote cha Nyanda za Juu kinaweza kujitengenezea. Anilini hidrokloridi ya molari 0.2 na amoni peroksidisalfati ya molari 0.25, vikichanganywa na kuachwa hadi kesho yake, hutoa unga wa kijani wenye karibu 4 S/cm ukishindiliwa kuwa kidonge. Utaratibu huo umerudiwa katika maabara za nchi nyingi na unajulikana kwa uaminifu wake. Kosa linalojirudia liko kwenye kuosha. Mtu anaosha unga kwa maji ya bomba hadi maji yatoke safi, na kwa kufanya hivyo anaiondoa asidi, huku bikaboneti ya maji ikiimaliza iliyosalia. Kijani kinageuka bluu kwenye karatasi ya chujio, na upitishaji unashuka mara maelfu. Osha kwa asidi hidrokloriki ya molari 0.2, kisha asetoni, basi. Uzuri ni kwamba kosa hili linarekebishika: uloweke unga wa bluu kwenye asidi hidrokloriki ya molari 1 usiku kucha, na kijani kitarudi. Anilini ni sumu inayopita kwenye ngozi, kwa hiyo glavu si mapambo.

Kwa P3HT na dopanti yake F4TCNQ, sababu huwa ya nishati au ya joto. Dopanti huchukua elektroni iwapo mvuto wake unazidi ukaidi wa polima kuiachia. P3HT huiachia kwenye elektronivolti 5.0 hivi, na F4TCNQ huvuta kwa 5.2, hivyo kazi inafanyika, ingawa nafasi ni nyembamba. Ukichukua polima mpya ya sola inayoachia kwenye 5.5 halafu ukaipa F4TCNQ ileile, dopanti itakaa ndani kama mgeni asiyeongea na mtu. Kwenye spektra hutaona vilele vya karibu 770 na 870 ambavyo ni saini ya F4TCNQ iliyopata elektroni. Hapo kuongeza dozi ni kupoteza fedha. Badilisha dopanti, chukua yenye mvuto zaidi.

Kama vilele vilikuwepo Jumatatu na Ijumaa havipo, dopanti imetoka. Iodini ndiyo mbaya kuliko zote: hufukizika yenyewe hata mezani. F4TCNQ hutembea ndani ya polima ikipashwa, na ukivuka nyuzi 100 inaanza kutoka kabisa. Hivyo tengeneza mpangilio wa utando kwanza, pasha P3HT kabla ya kudopu, na baada ya kudopu usirudi kwenye joto hilo. Kwa kifaa kitakachokaa juu ya bomba la moshi, F4TCNQ haifai, na hakuna mbinu ya mezani itakayolibadilisha hilo.

Utando una mabonge

Hili ni tatizo la baridi. P3HT kwenye klorobenzini, miligramu 10 kwa mililita, ina rangi ya chungwa ikiwa imeyeyuka vizuri. Asubuhi ya Julai unaikuta ya kahawia inayoelekea zambarau, wakati mwingine imeganda kama jeli. Minyororo imeanza kushikana. Ipashe hadi nyuzi 50 au 60 irudi chungwa, na upashe slaidi pia, la sivyo itaganda tena pale itakapogusa kioo.

Ukichanganya F4TCNQ moja kwa moja kwenye myeyusho huo, tatizo huzidi, maana polima iliyopata chaji haipendi viyeyushi vya kawaida na hujikusanya humohumo. Matokeo yake ni utando wa vidoadoa na upitishaji wa chini ya 1 S/cm, huku Seebeck ikionyesha kwamba chaji zipo. Jozi ileile: chaji zipo, njia haipo. Njia bora ni kupaka P3HT pekee, ikauke, kisha umwagie F4TCNQ iliyoyeyushwa kwenye asetonitrili, ambayo haiyeyushi P3HT. Acha sekunde chache, zungusha ikauke. Mpangilio wa minyororo unabaki kama ulivyokuwa, na upitishaji hupanda mara kadhaa bila Seebeck kuteseka sana.

Kloridi ya feri kwenye asetonitrili hufanya kazi kwa njia hiyohiyo na ni rahisi kuipata. Kasoro zake ni mbili: mabaki yake hufyonza unyevu, na ukiiacha muda mrefu inashambulia minyororo yenyewe. Suuza kwa asetonitrili safi mara tu rangi inapobadilika.

Upitishaji uko juu, Seebeck imeporomoka

Kama unataka waya au elektrodi, acha hivyohivyo. Kama unataka umeme kutokana na joto, umepita kilele. Chukua mfano wa utando wenye 800 S/cm na Seebeck 18: uwezo wake ni karibu mikrowati 26 kwa mita kwa nyuzi kipeo cha pili. Ukipunguza chaji kidogo kwa wakala wa kupunguza oksidi, tuseme myeyusho hafifu wa asidi askobiki, yaani vitamini C, upitishaji utashuka na Seebeck itapanda, na kuna sehemu katikati ambapo uwezo huo ni mkubwa zaidi. Mwaka 2011 kundi la Linköping, Sweden, lilipata ZT (kipimo cha ubora wa kugeuza joto kuwa umeme) ya 0.25 kwa PEDOT ya aina nyingine kwa kurekebisha kiwango cha oksidi namna hiyo. Nenda kwa mkolezo mdogo, pima namba zote mbili kila hatua, simama uwezo unapoanza kushuka.

Masika, na Seebeck isiyoaminika

Nimeliacha hili hadi sasa kwa kuwa ndilo linalodanganya watu wengi, hasa Tukuyu na Rungwe ambako mvua kwa mwaka huvuka milimita 2,000. Kila masika hakosi mwanafunzi wa kuja mbio: “Mwalimu, Seebeck imefika mia mbili!” Jibu langu halibadiliki: “Subiri nusu saa, halafu unisomee tena.”

PSS hunywa maji ya hewa. Ikishalowa, protoni zake, pamoja na ayoni za sodiamu kama zimo, zinaanza kutembea. Joto upande mmoja huzisukuma upande wa pili, nazo zinazaa volti yao juu ya ile ya matundu. Volti hiyo ni ya kweli, multimita haijakosea, ila haiwezi kukupa mkondo wa kudumu, kwa sababu ayoni haziingii kwenye waya wa shaba. Zikishajipanga upande wa baridi, mchezo umekwisha na volti inashuka. Zaidi ya hapo, unyevu hulegeza utando na kubadilisha upitishaji, hivyo namba zote mbili zinaweza kupanda pamoja, na hiyo ndiyo jozi niliyosema isiaminiwe.

Kuitambua ni rahisi. Shikilia tofauti ya joto bila kuigusa kwa dakika 30 na andika volti kila dakika. Volti ya matundu hutulia mara joto linapotulia. Volti ya ayoni hupanda, kisha huteleza chini. Jaribio la pili: pasha utando kwa nyuzi 120 kwa dakika 15, uuache upoe ndani ya kontena lenye silika jeli, kisha upime humohumo. Kama 200 imekuwa 20, ile 180 ilikuwa maji. Tatizo ni kubwa zaidi kwenye utando wenye PSS nyingi na upitishaji mdogo. Uliosafishwa kwa methanoli hudanganya kidogo tu.

Kwa hiyo, kuanzia Novemba hadi Aprili, andika unyevu wa hewa kando ya kila namba. Kipimo cha unyevu cha bei ndogo kinatosha. Namba ya Machi na namba ya Septemba za utando mmoja hazilinganishiki bila safu hiyo, na mtahini mwenye macho ataiuliza.

Polima ya elektroni inakufa

Fupi tu. Dopanti kama N-DMBI hutoa elektroni, na elektroni hizo oksijeni na maji huzichukua kwa furaha. Polima ambayo kiwango chake cha kupokea elektroni hakijashuka chini ya elektronivolti 4 hivi haitadumu hewani. Kusema kwamba hewa ya Kitulo ni nyepesi hakusaidii, maana oksijeni iliyopo inatosha na inabaki. Bila kisanduku cha glavu, tengeneza moduli (vipande vingi vilivyoungwa kwa mfululizo) yenye polima ya matundu pekee na uunganishe vipande kwa rangi ya fedha.

Moduli ina volti lakini haiwashi kitu

Tuseme umepaka vipande 20 vya PEDOT:PSS, kila kimoja urefu wa milimita 30, upana 10, unene nanomita 100, vyote vikiwa na 800 S/cm na Seebeck 18. Kwa tofauti ya nyuzi 20 unapata milivolti 7.2. Ukinzani wa kila kipande ni omu 375, vyote 20 ni omu 7,500. Nguvu ya juu kabisa unayoweza kuitoa ni nanowati 1.7. Taa ndogo ya LED inataka miliwati moja au mbili. Hakuna kosa popote kwenye kemia yako. Utando ni mwembamba mno.

Mimina polima iwe na unene wa mikromita 20 na ukinzani, kama upitishaji utabaki uleule, unashuka hadi omu 37.5. Nguvu inafika mikrowati 0.35. Kwa kawaida utando mnene hupoteza sehemu ya upitishaji kwa kuwa DMSO haitoki sawasawa, kwa hiyo kausha kwa muda mrefu na upime upya. Vipandisha volti vya kuvuna nishati huanza kufanya kazi kwenye milivolti 20 hivi, na volti ya moduli hushuka nusu ikishaunganishwa na mzigo uliolingana nayo. Unahitaji basi vipande mara 5 au 6 ya hivyo, au tofauti kubwa zaidi ya joto.

Kabla ya kuongeza vipande, pima ukinzani wa jumla. Ukizidi sana jumla ya kipande kimoja kimoja, kosa liko kwenye viungo vya rangi ya fedha, na kimoja kilichopasuka kinatosha kuua mstari mzima. Pima pia joto kwenye polima yenyewe, si kwenye kioo. Slaidi ya kioo hupitisha joto vizuri kuliko polima na hulisambaza, hata nyuzi 20 ulizoziweka nje zikawa 8 ndani. Karatasi au plastiki nyembamba ni bora. Na wanaouliza kama vipande hivi vitavuna jotoardhi la Ngozi au Kiejo-Mbaka: joto la pale ni la mitambo ya kuzalisha umeme. Kwa polima, tafuta bomba la maji ya moto bwenini na kihisi kidogo cha joto kinachotumia mikrowati chache.